Wapya wa picha za ndege na wadudu, someni hii kabla hamjatoka tena

Jamani wadogo zangu, nimekaa kimya muda mrefu lakini wiki hii nimeshindwa. Nimepitia picha mlizonitumia na karibu zote ni zile zile, mkia wa ndege anaondoka, kipepeo kama doa kwa mbali, chura mgongo umetoka safi kabisa ila jicho halina fokasi, halafu kuna mbili tatu za viota ambazo zimeninyima raha. Nawapenda, mna hamu kweli na wengine mna lenzi nzuri kuliko yangu. Ila haya makosa kila kundi jipya linakuja nayo na mimi nachoka kuona wanyama wakilipa ada ya nyie kujifunza.

1. Kaeni chini. Unaingia bustanini, unamwona chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, unamfuata, anahamia mti mwingine, unamfuata tena, jua linawaka unarudi nyumbani na picha za migongo. Chagua maua anayoyapenda, kaa mita chache, tulia. Chozi ana mzunguko wake, ua akishalifyonza linahitaji muda lijaze nekta, ule utamu wake, tena kwa hiyo ataondoka na atarudi. Kerengende naye, yule mdudu wa mabawa manne, akiruka usihangaike naye, ana macho yanayoona karibu pande zote, kumnyemelea kwa nyuma ni kujidanganya. Weka fokasi kwenye kijiti alichokuwa amekaa, mara nyingi anarudi hapo hapo. Au muwahi alfajiri. Dada mmoja tunayetoka naye hana lenzi ya maana ila anawahi kuliko sote, anamkuta kerengende bado ana baridi, kashika unyasi na umande umejipanga kwenye kila kijumba cha bawa, na hawezi kuruka mpaka apate joto. Utamwona anaanza kutetemesha mabawa, hiyo ndiyo dalili kwamba anajipasha na dakika zako zinaisha. Picha zake zinatushinda wote na hajawahi kukimbiza kitu.

2. Shata, yaani muda kamera inaofungua kupokea mwanga. Anayeruka 1/2000 ya sekunde, aliyetulia 1/500 maana shomoro hata akiwa katulia kichwa chake hakitulii. Lenzi ya 400mm msishuke chini ya 1/400, na kamera yenye sensa ndogo (kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga) anzeni 1/600. Giza likiwabana pandisheni ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, bila woga, chengachenga mtazipunguza kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haina dawa. Nyange na ndege wengine weupe punguzeni ekspoja, yaani mwanga wa picha, kidogo la sivyo manyoya yote yanaungua yanabaki doa jeupe.

3. Jicho ndilo linalopewa fokasi, na kamera iwe usawa wa jicho hilo hata kama inabidi ulale kwenye matope. Basi.

4. Viota. Hapa naomba mnisikilize.

Kuna kijana tulikuwa tunatoka naye, jicho lake lilikuwa la ajabu, anaona vitu ambavyo sisi tunapita. Akakiona kiota cha chozi kabla ya mtu yeyote. Kama hujawahi kukiona kwa karibu utadhani ni takataka imenasa kwenye tawi, kifuko kinaning'inia, majani makavu, vipande vya magome, vyote vimefungwa kwa nyuzi za buibui, mlango uko ubavuni na juu yake kuna kibaraza kidogo kama cha kuzuia mvua. Chozi wa kike ndiye anayekijenga. Ndani kulikuwa na makinda. Sasa mbele ya mlango kulikuwa na kitawi chenye majani kinaziba picha, kijana akakivuta pembeni akakifunga na uzi, akasema nitakiachia nikimaliza. Akakaa na lenzi yake mita chache tu.

Mama akaja na buibui mdomoni. Hakuingia. Akatua kwenye tawi la jirani, akalia, akaruka, akarudi, akalia tena, buibui bado yuko mdomoni. Kijana akafurahi mno kwa sababu chozi huwa hatulii na huyu alikuwa anamkalia kabisa, akapiga mfululizo mpaka kadi ikajaa, na kweli ilitoka picha kali, mwanga mzuri, kila unyoya unauona, miguu ya buibui unaihesabu. Tulivyoiona wote tukaisifia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ndege mwenye makinda yenye njaa anakaa na chakula mdomoni muda wote huo. Tulikuwa tunamsifia ndege anayeogopa kurudi nyumbani kwake.

Jioni akafungua uzi lakini kitawi kilikuwa kimevunjika kwa ndani, majani yakanyauka, mlango ukabaki wazi, jua linapiga moja kwa moja na kila anayepita anaona. Kunguru wakaona. Kesho yake alipokwenda alikuta kifuko kimechanwa, zile sufi laini walizolalia makinda zimetapakaa chini, mama hayupo. Alinipigia simu na sauti haikutoka vizuri. Hiyo picha hajaichapisha mpaka leo na mimi simshauri aichapishe.

Kwa hiyo wadogo zangu, ndege akiwa na chakula mdomoni na anazunguka analia haingii, tatizo ni wewe. Usisubiri pozi, usipige hata moja zaidi, ondoka mpaka umwone ameingia. Hakuna kukata tawi, hakuna kufunga tawi, hakuna kupinda jani. Na msinipe ile ya harufu ya binadamu kwamba mama atawakataa watoto, siyo hiyo inayoua viota. Kinachoua ni kivuli mlichokiondoa, muda mliomzuia mama kulisha, na njia mliyoikanyaga kwenye nyasi inayoelekea mlangoni. Mkikuta kiota piteni, mpigeni picha ndege akiwa mbali anatafuta chakula, huko huko anakokwenda.

5. Kuwapanga wanyama. Mtu anaweka wadudu kwenye friji wapoe wasitembee, mwingine anamhamisha chura kwenye ua jekundu, mwingine anacheza sauti ya ndege kwenye simu tena na tena mpaka dume anaacha kula anatafuta mpinzani ambaye hayupo. Acheni. Ngozi ya chura inanyonya kilichopo mkononi kwako, kama umejipaka dawa ya mbu umempaka na yeye. Na msidhani wakubwa wanafumbia macho, shindano la Wildlife Photographer of the Year la London mwaka 2010 walimvua ushindi mtu wa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) waliporidhika kwamba mnyama alikuwa wa kufugwa, na mwaka 2018 wakaiondoa picha ya mla mchwa baada ya wataalamu kusema mnyama alikuwa amekaushwa na kujazwa. Usiku mkimkuta kinyonga kalala kwenye ncha ya tawi, ngozi imepauka, pigeni mbili tatu mzime tochi, mwenzenu amelala.

6. Lokesheni. Simu nyingi, ukisharuhusu mara moja, zinabandika mahali kwenye picha bila kuuliza tena. Kiota cha bundi, kobe, kinyonga adimu, ondoeni hiyo taarifa kabla hamjatuma popote, maana wanaokamata wanyama kwa ajili ya kuuza nao wanatafuta. Mkiweka kwenye iNaturalist, ule mtandao wa kurekodi viumbe mlivyoviona, spishi zilizo hatarini mfumo wenyewe unaficha mahali halisi, lakini zile nyingine lazima ufiche mwenyewe, kitufe kipo.

Na la mwisho, kuacha saa ya kamera ikionyesha tarehe ya uongo, nalo limenichosha. Batri ikiisha kabisa au ukisafiri, saa inaweza kuharibika na hujui, halafu unaweka rekodi ya mbayuwayu anayehama ukionyesha mwezi ambao wenzake wote wako bara jingine, watu wanaanza kubishana, kumbe kamera yako iko miezi sita nyuma. Picha mbaya yenye tarehe sahihi inamsaidia mtafiti kuliko picha nzuri yenye tarehe ya uongo. Washeni kamera sasa hivi, ingieni kwenye menyu, rekebisheni.