Re: Moyo kwenda mbio kwenye daladala, vipimo vyote safi

Pole sana mkuu. Kama vipimo vya moyo na damu viko safi, na kila ukipanda daladala moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, unahisi unakata roho, hujalogwa. Inafanana sana na shambulio la hofu. Mwili unamwaga adrenalini (homoni ya kujihami inayoharakisha moyo), wewe unadhani moyo unasimama, hofu inapanda, mapigo yanazidi. Mzunguko huo mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza mwaka 1986. Ganzi ya vidole inaletwa na kuhema haraka, kaboni dayoksaidi ikipungua kwenye damu. Toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta.

Ila hiyo tabia uliyosema ya kushuka kituo cha kwanza ndiyo inayokumaliza. Ukishuka, ubongo unaamini umeponea chupuchupu, kesho unaogopa zaidi. Anza na safari fupi saa zisizo na msongamano, ukae mpaka hofu ishuke yenyewe (mara nyingi kilele hakizidi dakika 10), kisha urefushe.

Hao wanaokwambia "jikaze tu" achana nao. Ikikuzidi, omba rufaa kwa mwanasaikolojia tiba. Kama uko Dar, Muhimbili wapo.