Halali Haitoshi: Kwa Anayeanza Kazi ya Cheti cha Kosheri Tanga

Mtu wa pwani akisikia neno kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi, husema mara moja, "Aa, halali ya Wayahudi hiyo." Makosa mengi ya mwaka wa kwanza huanzia hapo. Ni kweli zinakutana: nguruwe hafai kote, na mnyama lazima achinjwe kwa utaratibu wa dini. Baada ya hapo kila moja ina njia yake. Kamba, kaa na pweza wanaoliwa kila siku hapa Tanga, kwa kosheri hawafai. Ngamia hafai. Nyama na maziwa havichanganywi, hata kwa kupitia chombo kimoja. Spiriti ya miwa ya kulowekea vanila inakubalika, lakini ya zabibu ina masharti mazito. Kwa hiyo cheti cha halali ulichonacho kabatini hakijazi pengo hata moja la kosheri.

Anza na orodha. Mashirika yanayotoa cheti, kama OU na OK ya New York, au KLBD ya London, yatakutaka uandike kila kinachoingia kiwandani, na orodha ya pili ya kila unachokitengeneza, kwa jina lile lile litakaloandikwa kwenye lebo. Kila kinachoingia maana yake kila kitu: dawa ya kuzuia povu, unga wa kuchujia, grisi inayoweza kugusa chakula. Wageni wa kazi hii huandika viungo vya kwenye mapishi tu, kisha mkaguzi anakuta galoni la dawa ya povu nyuma ya tangi, kazi inasimama.

Mbele ya kila jina andika kiwanda kilichotengeneza, si duka la Dar es Salaam lililokuuzia. Cheti cha kosheri cha malighafi hufungamana na kiwanda na chapa. Hakifuati jina la kemikali. Kisome mpaka mstari wa chini, maana vingine husema bidhaa ni kosheri ikiwa tu alama ya shirika ipo kwenye mfuko. Muuzaji akishaufungua mfuko wa kilo 25 na kukupimia kwenye kiroba cheupe, cheti hicho hakikufai tena. Mara nyingi cheti ni cha mwaka mmoja. Weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ununuzi, na mtu wa manunuzi asibadilishe chapa kabla ya kuuliza. Angalia na herufi: D ni maziwa, lakini P iliyo pembeni ya alama ya OU ni Pasaka ya Kiyahudi. Wengi huidhania ni pareve, yaani kisicho na nyama wala maziwa.

Vitu vya kutilia shaka vina sura ya upole. Gliserini (E422), emulsifaya E471 (ya kuchanganya mafuta na maji) na magnesiamu stiareti (E470b) vinaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya ng'ombe, na maabara haitakuambia kirahisi ni ipi. Unga wa vitamini A mara nyingi umefunikwa kwa jeletini, inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Rangi nyekundu E120 ni ya wadudu, iache kabisa. Asidi ya tartari (E334) hutoka kwenye mashapo ya divai, yaani ni ya zabibu. Chumvi tupu ya mashamba yetu haina kesi. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa baridi bila kuongezwa kitu nayo ni mepesi, lakini yakipelekwa kusafishwa na kuondolewa harufu, uliza mtambo ule ulisafisha mafuta gani kabla. Uliza vivyo hivyo kuhusu pipa na lori la tangi: shehena iliyotangulia ilikuwa nini, na yalioshwaje?

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii, kwenye vyombo. Kwa sheria ya kosheri, moto hufanya chombo kinyonye ladha, na chombo hicho huitoa kwenye bidhaa inayofuata. Tangi lililopikia kitu kisicho kosheri huoshwa mpaka ling'are, likaachwa saa 24 bila kutumika, kisha likajazwa maji yanayochemka kweli kweli, mkaguzi akiwa amesimama pale. Ukilitumia hata kwa maji ya moto saa ya 20, hesabu inaanza upya. Chungu cha udongo hakikosherishwi, yaani hakiwezi kusafishwa kikawa kosheri. Kinachosahaulika zaidi ni boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Mvuke ukizunguka nje ya tangi la maziwa, ukawa maji na kurudi kwenye boila ile ile inayopasha tangi la mafuta ya nazi, kwa sheria vyombo hivyo viwili vimeunganika. Chora njia ya mabomba kwenye karatasi kabla hujaulizwa. Ikiwa maji yale yanarudi, mwambie mkaguzi mapema ili mtafute namna ya kuyatenganisha.

Baada ya cheti, mkaguzi huja bila taarifa. Mlinzi wa getini awe na jina la mkaguzi na ruhusa ya kumwingiza, na faili la ankara za miezi ya karibuni liwe mahali ambapo hata wa zamu ya usiku analifikia, kwa sababu jambo la kwanza atakalofanya ni kulinganisha mifuko iliyo stoo na ile orodha yako.