Maswali ya Wasomaji: Mto Tana Unapohama

SWALI: Nakusanya historia ya kijiji chetu, kaunti ya Tana River. Wazee wanasema kimehama zaidi ya mara moja. Skimu ya umwagiliaji ya Hola nayo ilikauka. Je, mambo haya yanahusiana?
Msomaji, Garsen

JIBU: Yanahusiana, na kiungo ni mto wenyewe. Kwenye tambarare ile Tana huenda ukipindapinda. Maji hula ukingo wa nje wa kila kona na kuacha mchanga upande wa ndani, hadi shingo ya kona inakuwa nyembamba. Mafuriko makubwa yakija huikata, na mto unashika njia mpya. Kona ya zamani hubaki ziwa, baadaye kinamasi, mwishowe shamba.

Kilimo cha Wapokomo, wakulima wa kando ya Tana, kilifuata tabia hiyo. Maji yakifurika, mchanga mzito hutua kwanza karibu na mto, ndiyo sababu ukingo uko juu kuliko ardhi ya nyuma yake. Huko juu ndiko kwa nyumba, miembe na migomba. Nyuma, kwenye mfinyanzi unaoshika maji, hulimwa mpunga. Hupandwa mapema na mvua, mche urefuke kabla mto haujapanda. Mafuriko yakiwahi, mche unazama. Maji yakiondoka kabla ya wakati, masuke yanajaa mapepe.

Skimu ya Hola, iliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari (wakati wa vita vya Mau Mau), ilitegemea pampu ukingoni. Mwaka 1989 mto ukahama, pampu ikaachwa nyuma na mifereji ikakauka. Kijiji huhama na mto. Kituo cha pampu hakihami.

Sasa kuhusu utafiti wako. Usianze na tarehe. Muulize mzee: kijiji kilikuwa ng'ambo gani, kabla au baada ya mafuriko ya 1961? Na ya 1997? Angalia pia isije ikawa ni mto uliohama: kona ikikatwa, kijiji kinaweza kujikuta ng'ambo ya pili bila nyumba moja kung'olewa. Watenge wanaokumbuka kilimo cha kabla ya bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, kwani mabwawa ya juu yalipunguza mafuriko na kalenda ya kupanda ikavurugika. Waulize wafugaji Waorma pia kuhusu malka, njia za mifugo kwenda majini. Historia ya mashamba peke yake ni nusu tu.

SWALI: Mti wa mathenge ulifikaje Bura, na kwa nini ukikatwa unachipuka tena?

JIBU: Uliletwa miaka ya 1980 uwape kuni walowezi wa skimu ya umwagiliaji ya Bura. Mifugo hula maganda yake matamu na kusambaza mbegu kwenye kinyesi, hasa kando ya maji. Ukiukata juu ya ardhi unachipuka kwa vijiti vingi zaidi. Chimba, ukate shina chini ya shingo ya mizizi, sentimita 20 hivi ardhini, kisha rudi kung'oa miche baada ya mvua. Mbegu hukaa udongoni miaka, kwa hiyo msimu mmoja hautoshi.