Programu huria ya kusikilizia muziki wa seva yako: ijaribu kwanza mtandao ukiwa umezimwa

Mkuu, umesema albamu zako ziko kwenye kompyuta ya zamani nyumbani, unataka kuzisikiliza kwenye simu popote ulipo, na unatafuta programu huria (yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote) iliyo bora kuliko zote. Mimi nina mwaka wa nne na mpangilio huohuo. Programu za simu nimebadilisha kama mara sita, seva, yaani programu inayokaa kwenye kompyuta ya nyumbani na kugawa muziki, mara moja tu. Kwa hiyo naanza na seva, ingawa hukuiulizia.

Programu nyingi za aina hii zinatumia itifaki moja (kanuni za simu na seva kuzungumza), ile ya Subsonic. Subsonic yenyewe ilikuwa seva huria, msimbo wake ukafungwa mwaka 2016, lakini itifaki yake ilikuwa imeshazoeleka na seva nyingine zikaichukua: Airsonic, Gonic, Navidrome. Ukiwa na seva mojawapo kati ya hizo, programu ya simu ikikuudhi unaifuta, unaweka nyingine, unaandika anwani ileile na jina lilelile, na nyimbo ulizozitia nyota pamoja na orodha zako unazikuta zinakusubiri, maana zilikuwa zimetunzwa kwenye seva tangu mwanzo. Jellyfin, seva ya filamu na muziki, ina itifaki yake. Kama tayari unayo kwa ajili ya filamu, usijitwishe seva ya pili: weka programu yake ya simu, Finamp, ipo ya Android na ya iPhone, shughuli imeisha. Kwa muziki mtupu mimi nipo Navidrome. Ni nyepesi kiasi kwamba hata kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi kinaibeba bila kulalamika.

Sasa turudi kwenye simu. Mwanzoni nilichagua kwa macho. Nilitazama picha za skrini, nikaona majalada ya albamu yamepangwa vizuri, rangi zinabadilika kufuata wimbo, nikasema hii ndiyo. Ikaja safari ya basi inayochukua saa sita. Usiku ule nikachagua albamu kumi na mbili, nikabonyeza kupakua, nikalala. Alfajiri simu inaniambia nafasi imejaa, na albamu ya tisa imeishia katikati.

Nilishangaa, kwa sababu kwenye seva nilikuwa nimeagiza kila kitu kinachokwenda kwenye simu kibanwe kuwa Opus (aina ya faili dogo la sauti) ya kilobiti 128 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne kwa kiwango hicho haufiki megabaiti nne. Faili la FLAC, lile lisilopoteza ubora, la wimbo huohuo linaweza kufika 25 au 30. Piga hesabu ya nyimbo 144: upande mmoja ni nusu gigabaiti na ushee, upande mwingine ni gigabaiti nne. Kumbe itifaki ya Subsonic ina milango miwili. Mlango wa kutiririsha, yaani kusikiliza moja kwa moja kupitia mtandao, unakubali kubana, ila mlango wa kupakua unakutolea faili la asili kama lilivyo, haujali uliagiza nini. Programu niliyokuwa nayo ilitumia huo wa pili kwa kila albamu ya kuhifadhi, wala hapakuwa na sehemu ya kubadilisha. Kabla hujaipenda programu yoyote, pakua wimbo mmoja, kisha nenda kwenye mipangilio ya simu uone hifadhi imepungua kiasi gani. Dakika mbili tu, unajua unaishi na nani.

La pili likanikuta njiani. Mtandao ulipokatika, programu ikagoma kufungua hata albamu zilizokuwa tayari ndani ya simu. Ilikuwa inaiuliza seva orodha ya albamu kwanza, seva haijibu, kiduara kinazunguka tu. Nyimbo ninazo mfukoni na sizifikii! Nikasikiliza injini ya basi mpaka mwisho wa safari.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Napakua albamu, naizima programu kabisa, naiweka simu kwenye hali ya ndege, naifungua upya. Ikinipa albamu yangu bila maswali, inabaki. Isiponipa, sihitaji kujua mengine yake.

Kwa kipimo hicho, Android yangu imetulia na Ultrasonic. Ipo F-Droid, duka la programu huria, na sura yake, tuseme ukweli, ni ya kizamani. Lakini inaelewa tofauti ya vitu viwili ambavyo wengine wanavichanganya: wimbo uliotunzwa kwenye keshi (hifadhi ya muda) kwa sababu umeusikiliza juzi, na wimbo uliouagiza ubaki. Wa kwanza unaweza kufutwa nafasi ikibana, wa pili hauguswi. Pia unaipangia ukubwa wa keshi na idadi ya nyimbo za kuvuta mapema, hivyo mtandao ukiyumba dakika chache wala hushtuki. Ukitaka sura ya kisasa, Tempo ilikuwa nzuri, na wapo waliochukua msimbo wake wakaendelea nao kwa jina la Tempus. Huo ndio uzuri wa programu huria, mwenye nayo akichoka wengine wanapokea kijiti. Kwenye iPhone angalia Amperfy, nayo ni huria. Utasikia watu wakiisifia Symfonium, na sifa inastahili, ila ni ya kulipia na msimbo wake haujafunguliwa, na wewe umesema huria.

Kitu kimoja kuhusu kubana, usije ukaona programu ni mbovu bure. Seva inapobana wimbo papo hapo haijui faili litaishia na ukubwa gani. Ndiyo maana ukisogeza wimbo mbele, baadhi ya programu zinarudi mwanzo au mstari wa muda unaonyesha vituko. Kwenye Navidrome unaweza kuweka kiwango tofauti kwa kila kifaa, basi mimi simu naibania na kompyuta ya nyumbani naiachia FLAC. Saa nzima ya Opus 128 ni kama megabaiti 58. Kwa masikio yangu ndani ya basi inatosha na inabaki.

Tagi. Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, afadhali ujue mapema. Navidrome inasoma tagi, yaani maelezo kama msanii na albamu yaliyomo ndani ya mafaili, folda zako ulizozipanga kwa miaka haizitazami. Nina albamu ya mkusanyiko yenye nyimbo 18 za wasanii 18. Kwenye folda ilikuwa moja, kwenye simu zikatokea albamu 18, kila moja na wimbo mmoja, jalada lilelile limejipanga kama stempu. Nililaumu programu tatu mfululizo kabla sijagundua kuwa sehemu ya msanii wa albamu ilikuwa tupu kwenye mafaili yote. Nikaijaza jina moja kwa MusicBrainz Picard, programu ya kurekebisha tagi, seva ikachanganua upya, zikaungana. Kwa hiyo ukiona fujo ya namna hiyo usibadilishe programu, rekebisha mafaili.

Kuifikia seva ukiwa nje, usifungue mlango (port) wa ruta, kile kifaa chako cha intaneti, hivihivi. Weka WireGuard au Tailscale, njia za siri za kuunganisha vifaa (VPN), simu ijione kama ipo nyumbani. Ukiamua kuiweka wazi, basi iwe nyuma ya HTTPS, mawasiliano yaliyofichwa kwa vyeti. Caddy, programu ya kukaa mbele ya seva yako, inajiletea vyeti yenyewe. Na neno la siri la seva hii lisiwe la kitu kingine chochote. Uthibitishaji wa Subsonic ni wa kizamani, unatumia MD5 (njia ya zamani ya kuvuruga maandishi) ya neno la siri na chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazoongezwa, na ili kuuhakiki seva inalazimika kutunza neno lenyewe kwa namna inayoweza kusomeka tena.

Ukishamaliza yote hayo na bado muziki unakatika kila skrini ikizimwa, usiguse seva wala programu. Ingia mipangilio ya betri ya simu, itafute programu yako, iruhusu kufanya kazi nyuma bila kizuizi. Mimi hilo lilinila wikiendi nzima.