Wasomaji wanauliza: Jiko dogo, vyombo kibao, niviweke wapi?

Barua za jiko zimekuwa nyingi sana sa hivi, na karibu zote zinatoka kwa watu wa kupanga, chumba na sebule na kajiko kadogo pembeni, au chumba kimoja tu ambacho ndo kulala, ndo kupika, ndo kupokea wageni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana naona wengi wenu mmo humo humo.

Shikamoo anti. Naishi Tabata, nimeolewa mwaka jana. Jiko letu nikinyoosha mikono nagusa ukuta huku na huku. Kichen pati yangu namshukuru Mungu nilipata vyombo vingi, hotipoti seti tatu, sufuria seti mbili, glasi dazeni na dazeni, brenda mbili, presha kuka, vingine mpaka leo viko kwenye maboksi na vyote viko jikoni. Hapo bado madumu manne ya maji na mtungi wa gesi wa kilo 15. Nikitaka kukuna nazi nakaa mlangoni. Mume wangu anataka tununue kabati kubwa ila mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na hongera ya ndoa. Kabati msinunue kwanza, mwambie baba asubiri kidogo. Kabati kubwa kwenye jiko la hivo linakula sakafu, na sakafu ndo kitu pekee ambacho huna, alafu ndani yake mtaweka nini? Mtaweka zile hotipoti ambazo hamzitumii. Yaani mtakuwa mmenunua kabati la kutunzia maboksi.

Anza hivi, siku moja ambayo hamna haraka toa kila kitu nje, kila kitu kabisa mpaka kijiko cha mwisho, jiko libaki tupu. Alafu rudisha ndani vile tu ulivyovishika wiki hii. Utashangaa ni vichache, sufuria tatu nne, kikaangio, mwiko, upawa, kisu, sahani zenu na za mgeni mmoja wawili, chujio, mbuzi ya nazi. Hivyo ndo vyenye haki ya kukaa jikoni. Hotipoti acha seti moja, hizo nyingine na glasi za dazeni ni vyombo vya shughuli, vinakaa kwenye maboksi yake chini ya kitanda au juu ya kabati la nguo mpaka Idi au Krismasi au siku wakwe wakija. Brenda ya pili kama una mdogo wako anaanza maisha mpe. Najua watu wanaogopa kugawa zawadi ya kichen pati, eti shangazi fulani atakuja aulize iko wapi, lakini zawadi ukishapewa ni yako na kumpa ndugu anayeihitaji sio kuidharau.

Sufuria sasa. Zile sufuria zetu za aluminiamu zisizo na mikono ni rafiki mkubwa wa jiko dogo, zinaingiliana zote saba zinakaa kwenye nafasi ya ile kubwa. Kinachokula nafasi ni mifuniko na zile sufuria zenye mikono mirefu. Mifuniko isimamishe wima kwenye rafu ya kukaushia sahani, na kama bado hujanunua za mikono mirefu nakushauri ubaki na hizi.

Madumu ya maji siwezi kukwambia uyatoe maana maji yakikatika unayajua mwenyewe. Ila dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, kwa hiyo manne ni kilo 80, hayo hayapandi popote, yanabaki chini. Basi ndo tuyafanye yawe chini ya kitu. Nenda kwa fundi welding hapo mtaani (sidhani kama kuna mtaa wa Dar hauna) akutengenezee stendi ya chuma ya kusimama yenyewe, kina chake sentimita 30 tu, na shelfu ya kwanza ianzie kama sentimita 50 kutoka sakafuni ili madumu na ndoo ziingie chini yake, alafu ipande juu mpaka ukikaribia kushindwa kufikia. Hapo hujatoboa ukuta wa mtu, na siku mnahama mnaondoka nayo. Mwambie fundi apige redoksaidi kwanza ndo apake rangi, hewa yetu hii ya bahari inakula chuma haraka. Na vitu vizito viwe chini, vyepesi juu, sio ukatundike kinu juu ya kichwa chako, na kama stendi inayumba ifunge kwenye nondo za dirisha.

Na hizo nondo kama ziko upande wa ndani ni mali. Chukua waya mgumu au kulabu zile zenye umbo la S tundika miiko, upawa, chujio, vikombe. Nyuma ya mlango weka ile mifuko ya kutundika viatu inayouzwa Kariakoo, inaingia viungo, vibiriti, vifuniko vya plastiki, vitambaa vya kushikia sufuria. Kwenye sinki weka kibao cha kukatia kilicho kirefu kuliko sinki lenyewe, ukikilaza juu umepata kaunta, ukimaliza unakisimamisha ukutani. Nazi utakuna ndani.

Wala usijione mnyonge na jiko dogo. Mwaka 1926 kule Frankfurt, Ujerumani, walikuwa wanajenga nyumba nyingi za watu wa kipato cha kawaida, na msanifu majengo mwanamama kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, akachora jiko la upana wa mita 1.9 kwa urefu wa mita 3.4. Yakajengwa kama 10,000. Alichofanya yule mama ni kuangalia jikoni kwenye mabehewa ya treni wapishi wanavyolisha watu wengi mahali pembamba, alafu akahesabu hatua za mpishi, kitu gani kinashikwa kabla ya kipi, ndo akapanga. Mchele na sukari vikawa na droo zake zenye mdomo wa kumiminia, kila kitu mkono unafika bila kuzunguka. Na wewe fanya hivo hivo, chumvi na mafuta vikae mkono unapofika ukiwa umesimama kwenye moto, sahani karibu na unapopakulia, sabuni karibu na maji.

Mkija kununua kabati baadaye, mchukue la aluminiamu au mbao yenyewe, yale ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi yakikaa karibu na sinki yanavimba kama mkate kwenye chai na hayarudi. Mafundi wa Keko wanatengeneza kwa kipimo chako, nenda na vipimo umeandika kwenye karatasi.

Anti shikamoo. Mimi kijana nakaa Mwananyamala, chumba kimoja, kitanda, meza, na jiko vyote humo. Nimenunua gesi ya kilo 6 yenye jiko lake juu. Nimefikiria niiweke kwenye kikabati chini ya meza nifunge mlango ili wageni wasione, alafu nitenganishe na kitanda kwa pazia. Ni wazo zuri?

Marahaba mdogo wangu. Pazia tutazungumza ila kikabati hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko mambo yote mengine niliyoandika leo.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka inatambaa sakafuni inajikusanya chini ya kitanda, chini ya meza, kwenye kona. Ukiifungia kwenye kikabati umeitengenezea bwawa, siku unafungua na kiberiti mkononi ndo habari nyingine kabisa. Mtungi ukae wima, mahali wazi, karibu na mlango ambapo chini pana upenyo wa hewa, mbali na soketi na mbali na kichwa cha kitanda. Jiko lako ni la kukaa juu ya mtungi, kwa hiyo sufuria kubwa la maharage usiliweke, linapinduka, na ukipika hakikisha mtungi umekaa sakafu iliyosawazika. Ukimaliza kupika funga kwenye mtungi wenyewe kabla hujalala, kila siku. Siku ukinunua jiko la pleti mbili lenye mpira, angalia mpira mara kwa mara kama una mipasuko, na kutafuta uvujaji unapaka povu la sabuni unaangalia mapovu, usijaribu kwa kiberiti hata siku moja. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, fungua mlango, funga mtungi, toka nje.

Pazia weka kama unataka lakini liwe upande wa kitanda, mbali na moto, na uwe unalifunga kwa kamba ukianza kupika. Mimi ningeona bora uweke kabati la nguo katikati liwe ukuta, mgongo wake uelekee jikoni, na huo mgongo utundike vikaangio na miiko. Vyombo vyako vya mtu mmoja vinaingia kwenye kreti mbili za plastiki ukizigeuza ubavu ukazipandanisha.

Na kama una jiko la mkaa la akiba, msimu wa masika mvua ikinyesha utatamani kuliingiza ndani. Usiliingize, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, watu wanalala na hawaamki.

Anti, sisi tuko Mbagala nyumba ya wapangaji wengi, jiko hatuna, kila mtu anapika koridoni mbele ya mlango wake. Vitu vyangu vinachanganyika na vya wenzangu na njia haipitiki. Mama wa watoto watatu.

Pole mama. Hapo usijaribu kuwa na jiko la kudumu, uwe na jiko la kubeba. Tafuta beseni kubwa au kikapu kigumu chenye mikono, humo ndani unaingiza kila unachohitaji kupikia mlo mmoja, chumvi, mafuta kwenye chupa ndogo, viungo, kisu, kibao, mwiko, kiberiti. Unatoka nacho, unapika, unarudi nacho ndani. Sufuria zako ziandike alama chini kwa msumari, alama moja unayoijua wewe na wenzako wanaijua, ugomvi unaisha.

Njia lakini mkae mkubaliane wapangaji wote, upande mmoja wa korido ndo majiko, upande wa pili ubaki mtupu. Kuna watoto wanakimbia hapo na kuna masufuria ya uji yanachemka, na moto ukitokea nyumba nzima inatoka kwa njia hiyo hiyo moja. Kama kuna uani hata padogo, mwombeni mwenye nyumba mchangie mabati machache mpigie kibanda, gharama mkigawana haiumi sana na joto litapungua vyumbani.

Habari anti, mimi ni baba, napika mwenyewe, niko Kigamboni. Nanunua mchele gunia maana ni nafuu ila sina pa kuliweka, fukusi wanaingia, na mende wamejaa. Viazi navyo vinaota.

Nzuri kaka yangu, na nafurahi kusikia baba anaingia jikoni. Unafuu wa gunia naujua, ila kama nusu inaliwa na fukusi unafuu umeenda wapi? Tafuta jirani mgawane, wewe chukua kiasi cha kuingia ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, inabeba kilo 15 vizuri kabisa, na ndoo hiyo ukiweka kamto kadogo juu inakuwa stuli ya kukalia ukichambua mboga. Mchele ukiisha osha ndoo, kausha juani mpaka ikauke kweli, ndo umimine mwingine. Ukimimina mpya juu ya wa zamani unawapa fukusi wa zamani chakula kipya. Unga wa sembe nunua wa siku chache chache, duka la Mangi liko hapo kona, hilo ndo stoo yako, kwa unyevu wa huku pwani unga wa kukaa muda mrefu unaharibika tu.

Mende wanafuata maji na makombo. Usiku kausha sinki, usiache vyombo vichafu vimelowekwa, dagaa na sukari viwe kwenye vyombo vya mfuniko, na maboksi ya karatasi yatoe jikoni yote maana mende wanataga humo. Friji ivute kidogo kutoka ukutani, inahitaji nafasi nyuma ya kutoa joto lake na wewe unahitaji kufagia hapo, na kama haitoshi jikoni ihamie sebuleni, nusu ya Dar tunaishi hivyo.

Viazi vinataka giza na hewa, vikikaa kwenye mwanga vinakuwa vya kijani, hivyo vichungu na vina sumu, usimpe mtoto. Weka kwenye kikapu chini ya meza, funika na gunia. Vitunguu vyenyewe vitundike kwenye neti yake ukutani, mbali na viazi, na nyanya weka sehemu unayoiona kila siku ili zisiozee kwenye mfuko umezisahau.