Fataki haipimi presha

SWALI: Naishi Montana, Marekani, na ni mwindaji wa kulungu. Nimebuni risasi yangu mwenyewe: nimechukua ganda la .30-06, risasi ya bunduki yenye kipenyo cha milimita 7.62, nikalibana shingo hadi milimita 6, nikanyoosha kuta na kuliwekea bega (mteremko chini ya shingo) la digrii 40. Kwa kuwa hakuna kitabu chenye vipimo vyake, naongeza baruti kidogo kidogo. Fataki, vile vikombe vya kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, bado hazijabapa, na bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inafunguka vizuri. Naweza kuendelea kupandisha?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ishia hapo ulipofika.

Fataki ndiyo inayowaponza wengi. Kikombe chake kwa kiwanda kimoja ni kigumu, kwa kingine ni laini, na chemba, yaani tundu la mtutu linapokaa ganda, iliyochimbwa ndani kupita kiasi huweza kuibapaza hata kwa baruti ndogo. Dalili hiyo hudanganya pande zote mbili. Bolti nayo huchelewa kusema. Inapoanza kukaza, mara nyingi umeshapita pauni 65,000 kwa inchi ya mraba, kikomo ambacho SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi Marekani, kimeiwekea .270 Winchester inayotokana na ganda hilo hilo.

Lakini kinachonikera zaidi ni imani kwamba kuta zilizonyooka na bega kali hupunguza presha. Chanzo chake ni jaribio la P. O. Ackley, fundi maarufu wa bunduki wa Marekani. Alichukua bunduki ya Winchester 94 yenye chemba ya risasi ya .30-30 aliyoiboresha kwa kunyoosha kuta za ganda, akaondoa kabisa chuma kinachofunga bolti, akafyatua, na ganda likang'ang'ania kuta za chemba. Jaribio lilionyesha kwamba ganda lililonyooka husukuma bolti kwa nguvu ndogo zaidi. Halikuonyesha kwamba presha imeshuka. Presha ile ile bado inaipanua chemba, na wewe umejinyima onyo la bolti kukaza ambalo ganda la kawaida lingekupa mapema. Pakaa mafuta chembani uone hata huo mshiko unavyopotea, afadhali usijaribu.

Anayekuambia umepata mwendo mkubwa "bila presha kuongezeka" anakuuzia upepo. Kwa mtutu ule ule na kichwa cha risasi kile kile, presha ikibaki pale pale, ujazo wa ganda ukiongezeka asilimia 8, mwendo huongezeka takribani asilimia 2. Ukiona zaidi ya hapo kwenye kipima mwendo, ziada hiyo imelipwa na presha. Tena wewe umebana tundu kutoka milimita 7.62 hadi 6 huku ganda likibaki kubwa. Gesi ina nafasi ndogo ya kutanukia, kwa hiyo presha hupanda kwa kasi, na koo la mtutu, pale mbele ya chemba, huliwa upesi. Baruti iliyofaa .30-06 haifai hapo. Inatakiwa inayoungua polepole zaidi.

Kila wiki naletewa swali la namna hii, na mara nyingi anayeuliza ameshapewa vipimo na mtu asiyewahi kupima presha maishani mwake. Anatoa namba bila kutaja mtutu, aina ya fataki wala ujazo wa ganda, halafu anasema "mimi bunduki yangu imevumilia". Chuma huvumilia hadi siku ya ufa, na uso wa mfyatuaji uko sentimita chache nyuma ya bolti. .22-250, .25-06 na .35 Whelen zote zilianza kama risasi za mafundi binafsi. Kiwanda cha Remington kilipozichukua mwaka 1965, 1969 na 1988, zilipata kikomo cha presha kinachopimwa kwa kifaa kwenye mtutu wa majaribio.

Ukitaka kuendelea na yako, tafuta kihisi cha mkazo kinachogandishwa juu ya chemba, au peleka risasi na mtutu kwenye maabara inayopima presha. Kabla ya hapo, fundi mwingine mwenye vipimo akague kina cha chemba, maana ganda linalovutika hukatika karibu na kitako na kuachia gesi nyuma. Kama shida yako ni kulungu tu, .243 Winchester iko madukani tangu 1955, ni milimita 6 hiyo hiyo, na vitabu vyake vimejaa.