Maswali na Majibu: Visima vyetu vina nitrati. Tukichimba kirefu zaidi tutapona?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika mji mdogo nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Tuna visima viwili vya mita 70, vyote kesingi (bomba la kushikilia ukuta wa kisima) ya inchi 6. Majibu ya maabara yametoka: kimoja kina nitrati (kemikali iyeyukayo majini, kwenye makazi hasa kutokana na mkojo) miligramu 96 kwa lita, kingine 71, na hicho cha kwanza kimekutwa pia na bakteria wa kinyesi. Mkandarasi anashauri tuviache, atuchimbie kimoja cha mita 120 ndani ya uwanja huohuo, mita 35 kutoka kile kibovu, maana bomba kuu na umeme viko hapo. Anasema kwa kina hicho mwamba umeshachuja kila kitu. Tukiwa tunasubiri, atatuuzia dawa ya kutibu vile viwili. Kamati imegawanyika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, Katibu. Pesa ya mkandarasi huyo isitoke kwanza.

Tuanze na watoto wachanga, kwa sababu wao hawawezi kusubiri kikao. Kuanzia leo maji ya visima vyote viwili yasitumike kukorogea maziwa ya mtoto wala uji wake. Nitrati kwa mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi 6, huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na mtoto hubadilika rangi midomo na kucha. Na mtangazieni kila mama kwamba kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini nitrati inabaki sufuriani na maji yanapungua, kwa hiyo kila lita inayobaki ina nitrati nyingi kuliko mwanzo.

Kisha irudieni karatasi ya maabara muone imeandika nini mbele ya ile 96. Maabara nyingine huripoti nitrati yenyewe, nyingine huripoti naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita kikihesabiwa kama nitrati, ambacho ni sawa na 11 hivi kikihesabiwa kama naitrojeni. Kutoka naitrojeni kwenda nitrati unazidisha kwa 4.43. Kama 96 yenu ni ya naitrojeni, basi mna zaidi ya 420, na hilo ni jambo jingine kabisa. Pigeni simu maabara muulize.

Hiyo "dawa" bila shaka ni klorini. Klorini ina kazi yake na haina bei ya kutisha. Kesingi ya inchi 6 hubeba lita 18 hivi kwa kila mita. Kama maji yenu yamesimama mita 20 kutoka juu, mna mita 50 za maji, yaani lita 900. Ili kufikia miligramu 100 za klorini kwa lita mnahitaji gramu 90 za klorini halisi, sawa na gramu 140 za unga wa klorini wa asilimia 65. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha machicha yatuame, mimina maji ya juu tu, zungusha kwa pampu mpaka harufu itoke bombani, acha usiku kucha, halafu vuta na kumwaga mpaka harufu iishe. Ndiyo dawa yote. Itaua bakteria waliomo kisimani siku hiyo. Nitrati haitaigusa hata kidogo, na kama uchafu bado unaingia, bakteria watarudi na mvua ya kwanza.

Sasa nije kwenye lile linalonichosha, kwa sababu naulizwa kila msimu: kwamba kina kinasafisha maji.

Mwamba wa Dodoma hauchuji. Tumekaa juu ya graniti na miamba jamii yake ya zamani sana, migumu, isiyo na vitundu vya kupitisha maji. Juu yake kuna tabaka la mwamba uliooza, pengine mita 15, pengine 40, na chini ya hapo maji yanapita kwenye nyufa tu. Mchanga unaweza kushika bakteria kwa sababu maji hupenya taratibu kati ya chembe na chembe. Kwenye ufa hakuna chembe za kuyazuia. Maji yanaweza kwenda mita kadhaa kwa siku. Na nitrati haishikwi hata na mchanga, kwa sababu imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Kuna mahali ambapo nitrati huvunjwa na bakteria wa chini kusiko na oksijeni, lakini hilo huthibitishwa kwa vipimo vya kisima husika. Mkandarasi hawezi kuliahidi akiwa amesimama juu ya ardhi.

Kuna kosa kubwa zaidi, nalo liko kwenye ujenzi wa kisima chenyewe. Fundi wa haraka anatoboa tundu la inchi 10, anashusha kesingi ya inchi 6, anaweka mabomba yenye matundu kila alipoona maji, halafu anamwaga changarawe kwenye nafasi kati ya kesingi na ukuta wa tundu mpaka inakaribia juu. Mwishoni anapaka saruji mita moja ya juu na kujenga mdomoni mwa kisima kizingiti kizuri cha kupigia picha. Ile nafasi iliyojaa changarawe ni mrija kutoka usawa wa vyoo mpaka kwenye pampu. Pampu ikianza kuvuta, maji ya kisima yanashuka, na maji machafu ya juu yanateremka pembeni mwa kesingi kuziba pengo. Kisima cha mita 120 kilichojengwa hivyo kinawapa maji yaleyale ya mita 15, mkiyalipia umeme wa kuyapandisha kutoka mbali zaidi. Mara nyingi hata maji hayaongezeki, kwa sababu kwenye mwamba wa aina hii nyufa hubana kadiri unavyoshuka, na huku kwetu chumvi nayo huweza kuongezeka.

Kwa hiyo mkandarasi msimuulize kina. Muulizeni kesingi isiyo na matundu inaishia wapi, na nje yake kuna nini. Jibu mnalolitaka ni hili: tundu pana lipite tabaka lote la mwamba uliooza na kuingia mita 3 hadi 5 kwenye mwamba mgumu usiooza, kesingi isiyo na matundu ishushwe mpaka hapo, iwe imeshikwa katikati na vishikizi ili isiegemee upande mmoja, nafasi ya nje ijazwe uji wa saruji kuanzia chini kwenda juu kwa bomba jembamba la inchi moja na nusu. Kumwaga saruji kutoka juu kwa ndoo ni bure, inakwama njiani na kuacha mapango. Baada ya saruji kukamaa, angalau saa 24 na bora 48, ndipo anaendelea kutoboa kwa kipenyo kidogo ndani ya kesingi hiyo.

Hesabu yake mnaweza kuifanya wenyewe. Tundu la inchi 10 na kesingi ya inchi 6 huacha nafasi ya lita 28 hadi 29 kwa kila mita. Mita 30 ni lita 860. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukikorogwa na lita 25 za maji hutoa lita 41 za uji. Hiyo ni mifuko 21, na ongezeni minne ya kuingia kwenye nyufa. Mkandarasi akileta mifuko 3 kwenye eneo la kazi, mmeshajua anajenga kizingiti tu. Kama kesingi ni ya plastiki, ijazwe maji ndani wakati wa kumimina, na kazi ifanyike kwa awamu, kwa kuwa uji wa saruji ni mzito karibu mara mbili ya maji na hutoa joto unapokamaa; plastiki hulainika na kubonyea. Kabla ya kutoboa saruji iliyoganda chini ndani ya kesingi, jazeni kesingi maji na mpime usawa wake kwa saa kadhaa. Ukishuka, saruji haijaziba.

Hata kisima kikijengwa hivyo, mita 35 hazitoshi. Kisima kipya kikivuta, kitayavuta maji ya kile kibovu kupitia nyufa zilezile. Nitrati ya makazi kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo, hivyo hata choo kilichojengewa kuta vizuri kinaipitisha, na ile mita 30 inayotajwa sana kati ya choo na kisima iliwekwa kwa kuwaogopa bakteria. Kwa nitrati swali ni vyoo vingapi viko upande ambao maji yanatokea. Angalieni jiji lenyewe: visima vyake vikubwa viko bonde la Makutupora, Mzakwe, kaskazini mwa mji na mbali na msongamano wa vyoo. Tena kumbukumbu za usawa wa maji za bonde hilo, za zaidi ya nusu karne, zinaonyesha kwamba maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Yanapanda kwa mkupuo kwenye misimu michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997 na 1998. Msitegemee masika ya kawaida yawasuuzie nitrati.

Mtaalamu wa maji chini ya ardhi apime usawa wa maji kwenye visima vyote vya jirani, achore maji yanaelekea wapi, kisha atafute eneo upande wa juu wa makazi, hata kama ni kilomita 2. Gharama ya bomba hilo mtailipa mara moja. Eneo likipatikana, litengwe kisheria kabla ya kuchimba, maana viwanja vikishapimwa kulizunguka mmerudi mlipoanza.

Wakati huo mnaweza kuchanganya maji, ikiwa mna chanzo kingine safi. Maji ya 96 yakichanganywa sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya 12, mnapata 40. Mchanganyiko ufanyike kwenye tangi moja kabla ya kusambaza, kwa mita za kupima maji yanayoingia kila upande. Kufungulia visima viwili kwenye bomba moja sio kuchanganya. Nyumba za karibu na kisima kibovu zitakunywa 96 na za mbali 12. Na maji hayo bado yatiwe klorini.

Kisima kibovu msikiache wazi, wala msikizime bila kufikiri. Kinapovuta, kinazuia uchafu usisogee. Kikizimwa ghafla, uchafu unaendelea na safari kuelekea kisima kinachovuta. Mtaalamu akiona hivyo, kitumieni kwa ujenzi wa barabara au kufyatulia matofali, kwa bomba lisiloungana kabisa na mtandao wa kunywa. Siku ya kukifunga, toeni pampu, tieni klorini, jazeni changarawe safi chini na uji wa saruji mita 30 za juu, takriban mifuko 13, kwa bomba lilelile la kuanzia chini. Kisima kilichofunikwa bati na jiwe ni choo kinachosubiri mtoto atupe kitu.

Na hili si la mji wenu peke yenu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vimejaa, na katika kiwanja kimoja unakuta kisima pembe hii na shimo la maji taka pembe ile. Biashara imewaleta watu wa kila namna. Yuko anayetembea na vijiti viwili vya shaba akisema vimeinama hapa. Ardhi yetu ina maji kidogo mahali pengi, hivyo vijiti havikosi kupatia, ila haviwezi kusema maji ni kiasi gani wala yametoka choo gani. Yuko anayepuliza kisima kwa kompresa saa mbili na kuandika lita 12,000 kwa saa. Kompresa inamwaga maji yaliyokaa kwenye nyufa kwa miaka. Uwezo wa kisima hujulikana kwa pampu inayovuta kwa kiwango kilekile saa 24, na kwa mji saa 72, usawa ukiandikwa muda wote, kisha ukafuatiliwa unavyorudi. Kwenye zoezi hilohilo chukueni sampuli dakika ya 15, saa 1, saa 6, saa 24 na mwisho. Nitrati ikianza juu na kushuka, uchafu unaingilia kisimani penyewe. Ikipanda kadiri mnavyovuta, mmeanza kuyafikia maji machafu ya mbali, na hiyo ni habari mbaya ambayo sampuli moja ya asubuhi isingewaambia. Yuko pia muuza chujio anayeonyesha glasi ya maji meupe, ilhali maji yenye nitrati 96 ni meupe vilevile na hayana ladha.

Hawa wote wanapita kwa sababu mkataba una mstari mmoja: "kuchimba kisima mita 120". Wenu uandike leseni ya mchimbaji, kibali kutoka bodi ya maji ya bonde lenu (kwa eneo la jiji ni Wami/Ruvu, ila sehemu nyingine za mkoa ziko mabonde mengine), mita za kesingi isiyo na matundu, idadi ya mifuko ya saruji, saa za kuvuta, kumbukumbu ya kila tabaka lililotobolewa, na sehemu ya malipo ibaki mpaka maabara itoe majibu ya sampuli ya mwisho. Sampuli hiyo aichukue mtu wa maabara, si mkandarasi. Chupa ya bakteria iwe iliyosafishwa na maabara, isafiri kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo.